Jogoo mkali si mtaji wa kamari



Katika familia nyingi za Mbulu na Hanang, kuku ni akiba ya mama na watoto. Ng'ombe hauzwi bila kikao, lakini jogoo hufungwa miguu asubuhi ya siku ya mnada, na jioni madaftari na sabuni vimeingia nyumbani. Ndiyo maana familia ikimpata jogoo wa kuchi hufurahi: ni mrefu, ni mzito, na hushika bei. Hata hivyo, ufugaji wake una mitihani mitatu: vifaranga wake huumizwa na baridi, majogoo wake hawavumiliani, na wako wanaomtafuta ili wampiganishe.

Kuchi anafahamika zaidi Kanda ya Ziwa, Tanga na visiwani. Shingo na miguu yake ni mirefu, upanga wake mdogo, na manyoya ya kifua chake ni haba. Jogoo aliyekomaa hupita kilo mbili na nusu. Umbo lake linashabihiana na kuku wa mapigano wa Asia, na inaaminika kwamba nasaba yake ilivuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara ya majahazi.

Kuku wa namna hiyo, akifikishwa kwenye nyanda zetu, hukutana na hali nyingine. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Katesh iko chini ya Mlima Hanang. Baridi ya Juni hadi Agosti haina huruma kwa kifaranga. Mayai huanguliwa kwa siku 21, na katika wiki ya kwanza kifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Kisha lipunguzwe nyuzi tatu hivi kila wiki, mpaka aote manyoya ya kutosha. Asiye na kipimajoto na awatazame vifaranga wenyewe. Wakisongamana na kulia, wana baridi; wakikimbilia pembeni huku wakihema, joto limezidi; wakitawanyika wakila, mambo ni sawa. Mama kuku akiwepo, hakuna taa inayomshinda. Mwekeeni maranda makavu na zuieni upepo wa chini.

Hapa tunatoa onyo. Zipo nyumba ambazo jiko la mkaa huwekwa karibu na vifaranga ndani ya chumba wanacholala watoto. Moshi wa sumu wa mkaa hauonekani wala haunuki, nao huua watu usingizini. Vifaranga wawe na banda lao lenye mahali pa kupitisha hewa. Kuku hununuliwa tena; mtoto hanunuliwi.

Adui wa pili ni kideri, wengine wanamwita mdondo, anayeweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na kikishafunguliwa hakifai kuwekwa akiba, ni vyema majirani wapange siku moja na wachangie gharama. Wachanjwe kuku wazima tu. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua.

Baada ya hapo huja kazi ya kuwatawala madume. Vijogoo wa kuchi huanza kupimana nguvu wangali wadogo. Pora anapoanza kuwika na kupanda matetea, aghalabu katika mwezi wa nne au wa tano, atengwe. Kizuizi kiwe cha mbao au matete yasiyopenyeza macho, kwa sababu majogoo wanaoonana kupitia wavu hujiumiza wakitaka kufikiana. Jogoo mmoja na matetea wanane hadi kumi wanatosha katika banda moja. Ndugu wawili waliolelewa pamoja, wakitenganishwa hata kwa siku chache, wasirudishwe pamoja kwa kudhani watakumbukana. Kipi kikirefuka sana, kisuguliwe ncha kwa tupa, bila kufikia sehemu yenye damu.

Aidha, tutofautishe ukali na ukali. Majogoo wengi wa kuchi huwakabili majogoo wenzao na kuwa wapole kwa binadamu. Anayewarukia watoto ana kasoro nyingine. Kipi kikimfikia mtoto jichoni, hasara yake haina fidia. Watoto wasimkimbize wala kumchokoza, na jogoo wa tabia hiyo asiachwe atoe mbegu, kwa maana tabia hurithiwa. Achinjwe kwa kisu kikali na kwa jina la Allah, awe kitoweo.

Uko mtihani wa mwisho. Anakuja mtu, anamtazama jogoo miguu na kifua, kisha anataja bei ambayo mnada haujawahi kuitaja. Kila mtu anafahamu anampeleka wapi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), katika mkusanyiko wa Abu Dawud na wa Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Fedha inapowekewa dau, huongezeka kamari, ambayo Suratul Maida imeiharamisha. Muuzaji asijifariji kwamba yeye ameuza kuku tu. Wanazuoni wa Kishafii wamesema kuwa ni haramu kumuuzia zabibu mtu unayejua atazigeuza mvinyo, na kando ya mfano huo wamemtaja jogoo anayeuzwa kwa mwenye kupiganisha.

Tunajua kwamba ni rahisi kuandika hayo, na ni vigumu kuyatekeleza wakati mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Lakini njia ya halali ipo. Jogoo mpole wa kuchi akipandishwa matetea wa kienyeji, vifaranga huweza kupata uzito wa baba na uvumilivu wa mama. Wafugaji wanaohitaji mbegu wapo, na wachuuzi wa nyama wanaopita barabara ya Singida hadi Babati wapo. Faida ya njia hiyo huja polepole, ila inaingia nyumbani ikiwa safi.

Jogoo huyu hutuamsha kwa swala ya alfajiri, na Mtume (s.a.w.) amekataza asitukanwe kwa ajili hiyo. Anayetuamshia ibada hastahili kuuzwa akararuliwe mbele ya washangiliaji. Allah atupe riziki ya halali, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.