Msonge Hauna Hatia

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwerevu mzaliwa wa Uchagani, aliandika katika insha yake kwamba babu zake waliishi katika vibanda vya majani kwa kuwa hawakujua kujenga. Nilimpa alama zake za ufasaha, maana sentensi ilikuwa safi, haina kosa la sarufi hata moja. Lakini maneno yale yalinikaa kooni. Nimeyasikia kwa mashemeji zangu, nimeyasikia kwa wahandisi, na nimeyasikia kwa wasomi wenzangu ambao hawathubutu kuyaandika. Leo nataka kuyajibu, wala siombi radhi kwa ukali wangu.

Hawakujua kujenga! Watu waliochimba mifongo na kuyaongoza maji ya mlima kwa mwendo wa kilomita nyingi, yakikata makorongo na kupita kando ya vilima, bila kipimo ila jicho na mteremko wa maji yenyewe. Watu waliochimba mahandaki chini ya ardhi wakajificha humo pamoja na mifugo nyakati za vita. Watu hao ndio walioshindwa na nyumba? Mtu mwenye akili timamu hawezi kukubali jambo hili pasipo kwanza kukubali kuidharau akili yake.

Nyumba ya kale ya Mchagga ilikuwa msonge ulioezekwa toka kilele hata ardhini. Miti ilisimikwa kwa duara, ikafungwa fito kwa kamba za miti, na ndani zikasimama nguzo za kubeba dari. Upande mmoja walilala ng'ombe, upande wa pili watu, moto ukiwa kati, na juu darini vikawekwa kuni na chakula. Majani yalitoka tambarare vichwani mwa wanawake, au yakawa majani makavu ya migomba ya kihamba chenyewe. Tazama sasa hekima iliyomo. Ukuta na paa ni kitu kimoja, hivyo mvua ya masika ya mlimani, ambayo si mvua ya mzaha, haipati mahali pa kupenya kati ya viwili hivyo. Joto la ng'ombe na la moto hubaki ndani usiku wa Julai, wakati baridi ya Kibo inaposhuka. Na moshi, ambao wote twaulaumu, ulikausha miti na kuwafukuza wadudu walao majani.

Nasema twaulaumu, kwani nami naulaumu. Sitaki msomaji adhani kwamba nimekuja kuuza njozi. Bibi yangu alizeeka na macho mekundu ya kulia pasipo msiba, na wengi wa rika lake vivyo hivyo. Nyumba ya majani huungua. Ng'ombe hunuka. Anayetaka kuturudisha kulala na mbolea na alale nayo yeye kwanza, mwaka mzima, kisha atuandikie. Ila moshi si ufundi wa kujenga. Moshi ni kukosa bomba la kuutoa. Mtu akiona tundu katika kanzu hasemi kwamba ushonaji ni ujinga.

Dharau hii ina wazazi wake. Serikali ya Wadachi ilitoza kodi ya nyumba tangu 1898, ikahesabu paa moja moja, na nyumba ikageuka kuwa deni. Baadaye kahawa ilileta fedha. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilipokuwa kimestawi, bati likawa ushahidi kwamba mwenye nyumba anauza kilo nyingi kuliko jirani yake. Sina ugomvi na bati. Lilikinga maji na lilinunuliwa kwa jasho halali. Kisha zikaja kampeni za miaka ya 1970 za nyumba bora, na katika vinywa vya wengi neno "bora" likawa na maana moja tu: tofali la saruji. Kiwanda chetu cha kwanza cha saruji, kile cha Wazo Hill, kilianza kazi mwaka 1966. Ina maana kwamba saruji yetu wenyewe ina umri mdogo kuliko baba wa mwanafunzi wangu, nasi tumekwisha kuiona kama kwamba Mungu aliumba dunia kwayo.

Na matunda yake ni yapi? Panda Kibosho, panda Marangu, zunguka mpaka Rombo mwezi wa Mei. Utaona majumba ya ghorofa katikati ya migomba, madirisha ya vioo, malango ya chuma, na kufuli. Mlinzi hulala katika chumba cha nje. Mwenyewe yuko Dar es Salaam au Arusha, naye atafika Desemba, atachinja, atafungua madirisha kwa siku 10, kisha atafunga. Kihamba kilichogawanywa kwa wana vizazi vinne kimebaki kipande chembamba, na kipande hicho kimemezwa na sakafu isiyokanyagwa. Msonge ulioonewa haya ulilaza watu 6 na ng'ombe 3 kila usiku wa mwaka. Niambieni, wasomaji, ni ipi kati ya hizo iliyo nyumba?

Wapo wanaonijibu kwamba msonge haukufa: umehifadhiwa Marangu kwa ajili ya watalii, tena hoteli zinaujenga. Nimeuona ule wa hoteli. Ni duara la saruji lililovikwa kofia ya majani, lenye feni ndani. Huo ni msonge kama sanamu ya mtu ilivyo mtu. Ule wa maonyesho nauheshimu zaidi, maana aliyeujenga aliujua. Lakini kitu kinachoonyeshwa kwa kiingilio hakimfundishi mtoto wa jirani kufunga fito. Wajapani wana mahekalu yao ya mbao huko Ise. Huyajenga upya kila baada ya miaka 20, nao wamefanya hivyo kwa zaidi ya karne 13. Mara ya 62 ilikuwa 2013. Hawayatunzi kwa kuyazungushia kamba. Huyajenga, na kijana aliyebeba mbao mara moja huwa fundi mara ya pili na mwalimu mara ya tatu.

Mimi nimeanza kujenga. Nyumba yangu iko katika kihamba cha baba huko Mbokomu, duara la miti, nguzo za mgrevilea na za mringaringa tulizokata kihambani mwetu. Rafiki mmoja aliyesoma Ulaya alinishauri nijenge ya magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, kama za Norwei na Ufini. Nilimwuliza magogo hayo nitayatoa wapi. Msitu wa mlima umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005, nami naona ni vema ulindwe, kwa kuwa mifongo yetu hunywa humo. Misindano na misaiprasi ya mashamba ya serikali ya West Kilimanjaro inauzwa, lakini kununua gogo na kulisafirisha kuuzunguka mlima si ufundi wa jadi, ni mashindano. Mnorwei alilaza magogo kwa kuwa misindano ilisimama mlangoni pake. Mchagga alisimamisha miti myembamba kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo karibu na migomba. Kila mmoja alikuwa sahihi nyumbani kwake.

Niliomba mkopo mdogo katika chombo kimoja cha fedha. Karani, kijana mwenye adabu, akaniuliza vifaa vya ukuta na vya paa. Nikamtajia. Akaweka kalamu chini akasema, "Mwalimu, hicho hakihesabiki." Shangazi yangu naye alilia, akiuliza watu watasemaje juu ya daktari wa chuo kikuu anayelala majanini. Machozi yake yaliniuma kuliko jibu la karani.

Lakini hasara inayonigusa kwa kazi yangu ni ya lugha. Kamusi zetu zinayo maneno fito, mwamba, kombamoyo, mtambaapanya, kusimika, kukandika, kupaua, kuezeka. Nilipouliza darasani, wanafunzi 40, ni wawili tu walioweza kunionyesha kombamoyo ni mti upi katika paa. Wengine waliyakariri maneno yale kama majina ya wafalme wa Babeli. Wala sikuwa nayaelewa sawasawa mimi mwenyewe hata nilipoanza kujenga, ingawa nimeyafundisha miaka mingi. Fundi wangu, mzee wa miaka 80 na ushei ambaye kila mtu humwita Meku, alinicheka niliposema kwamba tukimaliza kusimika tutapaua. "Utapaua nini, mwanangu? Hapa ukisimamisha mti umekwisha kupaua." Kweli tupu. Kiswahili cha pwani kinatenga kazi ya ukuta na kazi ya paa kwa sababu nyumba ya pwani inazitenga. Msonge wa mlimani hauzitengi, nasi hatujalipatia tendo hilo moja neno lake la Kiswahili. Meku analo la Kichagga. Akifa kabla hatujaliandika, hatutakuwa na la kuazima. Sioni mtafiti aliyetumwa kumwuliza. Fedha za utafiti zilizopita mikononi mwetu zilikwenda katika makongamano, na nakiri kwamba mimi pia nilikula chakula chake.

Duara limekwisha kusimama. Bomba la moshi limewekwa, jambo ambalo Meku aliliona kuwa upuuzi mpaka alipoketi ndani jioni moja akapumua. Majani tutayakata tambarare Julai, yakiwa makavu, kisha tutaezeka. Mwanafunzi mwenye insha nimemwalika, naye amekubali. Ameniuliza kama aje na panga au na daftari. Nimemwambia alete vyote viwili.