Utani wetu usimvunje mtu uti wa mgongo

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwa mwoga watu hucheka kwa sababu mwenyewe yupo, ameketi na wenzake anakula ugali. Nyumbani kwa shujaa kuna matanga. Ni methali ambayo ingefaa kubandikwa ukutani katika kila wadi ya majeruhi, maana wengi wanaolazwa humo hawakuanguka kwa bahati mbaya tupu. Walianguka huku wenzao wakiwashangilia.

Ndugu msomaji, bila shaka unakumbuka kisa cha Bungoma cha Mei 13, 2016. Siku hiyo helikopta iliyobeba mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi siku chache kabla, ilipaa kutoka uwanja wa Posta mjini humo. Mtu mmojawapo katika umati alishika vyuma vya chini vya chombo hicho na kupaa nacho. Alining'inia kwa mikono juu ya mji, watu wakitazama kutoka chini, hadi alipoanguka katika eneo la uwanja mdogo wa ndege. Kwa rehema za Mungu hakufa. Alipelekwa hospitalini na majeraha yake.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukizungumze leo. Kabla hata madaktari hawajamaliza kazi yao, nchi nzima ilikuwa imekwisha kumpa mtu huyo jina la James Bond wa Bungoma. Katika matatu za Kitale, katika vibanda vya chai vya Kanduyi, hata maofisini Nairobi, mzaha ukawa ndio huo. Huyu alisema jamaa alikuwa akikwepa kulipa nauli. Yule akauliza kama alipewa tikiti ya kurudi. Tulicheka hadi machozi. Ni wachache waliouliza swali la maana: mfupa gani umevunjika, na nani atamuuguza?

Simtaji mtu huyo kwa jina lake halisi, kwa maana ana haki ya kuishi maisha yake bila kukumbushwa siku ile kila uchao. Aidha, lawama yangu haimwendei yeye. Inatuendea sisi watazamaji.

Wenye kuruka kutoka ndegeni

Wapo watu duniani ambao mchezo wao ni kuruka kutoka ndegeni wakiwa na parachuti. Hapa kwetu mchezo huo umefanyika Diani, kaunti ya Kwale, juu ya fuo za Bahari ya Hindi. Mrukaji hupanda hadi mita 4,000 hivi, akajitupa, akaanguka kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, na baada ya dakika moja au pungufu akafungua parachuti yake.

Ukiwasikiliza watu hawa wakipiga soga utadhani ni walevi wa kawaida tu. Utani wao hauna kikomo. Wakiulizwa kwa nini mtu mwenye akili timamu aruke kutoka ndege isiyo na hitilafu yoyote, hujibu kwamba hawajawahi kuiona ndege ya namna hiyo. Wana desturi ya kutozana faini ya kreti ya pombe: anayeruka kwa mara ya kwanza, anayejaribu jambo jipya, anayevunja kanuni fulani, wote hulipa. Pombe hiyo hainywewi hadi ndege ya mwisho itue na kazi ya siku ikome.

Lakini uchunguze utani huo kwa makini. Kabla ya kuruka, mmoja humkagua mwenzake mgongoni, kamba kwa kamba na pini kwa pini, huku wakitaniana. Kila mmoja hubeba parachuti mbili, kubwa na ya akiba. Tangu mwaka 1991 kumekuwa na kifaa cha elektroniki ambacho huifungua ile ya akiba chenyewe iwapo mrukaji amezimia au amepitiwa. Na anayeghairi, akasema upepo wa leo siupendi, hushuka na ndege bila kuchekwa. Msemo wao ni kwamba afadhali uwe chini ukitamani kuwa juu, kuliko kuwa juu ukitamani kuwa chini. Anayechekwa miongoni mwao ni mjuaji, yule anayejigamba na kuruka kanuni.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Nchini Marekani, katika miaka ya 1970, mchezo huu uliua zaidi ya watu 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2023 walikufa watu 10, katika miruko ipatayo milioni 3.65. Vifaa vimeboreka, mafunzo pia. Hali kadhalika, kila ajali huandikwa na kujadiliwa wazi na wenyewe, ili wengine wajifunze. Hawafichi makosa chini ya kicheko.

Sasa tulinganishe na sisi. Yule wa Bungoma hakuwa na kamba, hakuwa na parachuti, hakuwa na mtu wa kumkagua mgongoni. Alichokuwa nacho ni mikono miwili na umati.

Tunaning'inia kila siku

Yamkini utasema kisa cha helikopta ni kimoja na hakitatokea tena. Nakubali. Lakini kuning'inia ni desturi yetu ya kila siku. Simama kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, pale Kamukuywa au Kiminini, utazame. Makanga ameshika mlango wa matatu kwa mkono mmoja, mwili wote uko nje, na abiria wanamsifu. Vijana wamedandia nyuma ya lori la mahindi. Watoto wa shule wanakimbilia trekta la miwa linalokwenda, wakichomoa miwa, na yule anayeogopa huitwa mwanamke. Fundi wa mjengo anapanda jukwaa la miti lisilo na kizuizi, na akiomba kamba wenzake humuuliza kama ameleta na chupa ya maziwa.

Mwendeshaji wa boda boda ndiye hutaniwa zaidi ya wote. Akivaa helmeti huambiwa amejifunika sufuria. Akienda polepole abiria humwambia, "Wee, unabeba mayai?" Naye, kwa kuwa ni kijana na kuna watu wanatazama, huongeza mafuta. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba helmeti nzuri iliyofungwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 40 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 70 hivi. Mzaha wa neno moja unaweza kumvua mtu kinga hiyo yote.

Shirika hilo hilo linasema watu wapatao 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Miongoni mwa ajali, ni za barabarani pekee zinazoua zaidi.

Wala usidhani ni lazima uanguke kutoka mawinguni. Anayeanguka kutoka mwembe wa mita 5 hufika chini kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa. Kutoka mita 10, yaani kama paa la nyumba ya ghorofa tatu, kasi ni kilomita 50 kwa saa. Akitua kwa miguu, mshindo hupanda kutoka visigino hadi kiunoni. Ndiyo sababu daktari akiona kisigino kilichovunjika kwa kuanguka, hukagua na uti wa mgongo pia.

Na uti wa mgongo ukikatika, utani wote hukoma. Miguu haisikii. Mkojo hauzuiliki. Mgonjwa hugeuzwa kitandani kila saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi huoza na kutoa vidonda vinavyoweza kumuua. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iko Nairobi, mamia ya kilomita kutoka Bungoma na Kitale. Anayemgeuza mgonjwa huyo usiku ni mama yake au mke wake. Wale waliokuwa wakishangilia hawapo.

Ujasiri wenye uzio

Najua wapo watakaosema ninataka kuwanyima watu furaha, na kwamba kicheko ni dawa. Wengine watasema ujasiri ni mila yetu. Hoja hizo zina uzito.

Miongoni mwa Wabukusu, mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wavulana hupashwa tohara. Nyimbo huimbwa, mwoga hukejeliwa, na mvulana hutarajiwa kusimama imara kama jiwe. Wanaotahiriwa pamoja huwa bakoki, watu wa rika moja, wenye ruhusa ya kutaniana hadi uzeeni. Lakini tazama jinsi wazee walivyoujengea ujasiri huo uzio. Mvulana hasimami peke yake. Ana watu wazima wa kumtunza, ana siku maalumu, ana mtahiri aliyefunzwa kazi yake, na leo familia nyingi huwapeleka wana wao hospitalini. Baada ya kisu anauguzwa na kupewa mawaidha. Kejeli ile ina mwanzo na mwisho, na aliyekejeli anawajibika.

Utani wa stendi na wa umati hauna uzio wowote. Anayesema "ruka!" hana habari na bili ya hospitali.

Kwa hivyo siombi tuache kutaniana. Naomba tugeuze shabaha ya kicheko, kama warukaji wale walivyofanya. Wenyeviti wa stendi za boda boda mjini Kitale na Bungoma wanaweza kuanza na faini ya soda: anayekuja bila helmeti, au aliyebeba abiria watatu, anawanunulia wenzake na kuchekwa siku nzima. Msimamizi wa mjengo naye amcheke anayepanda bila kamba badala ya anayeiomba. Mzazi akisikia mwanawe akiitwa mwoga kwa kukataa kudandia trekta, amsifu mbele ya wenzake. Na wanasiasa wanaokuja kwa helikopta katika misimu ya kampeni wasiruhusu chombo kipae kabla umati haujasogezwa mbali. Mapanga yale ya nyuma hayaonekani yakizunguka, na hayamtambui mfuasi wala mpinzani.

Mtu akianguka

Ikitokea umemkuta aliyeanguka, haya ndiyo ya kufanya. Kwanza, usimwinue wala kumketisha. Mwambie atulie pale alipo, na mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike. Pili, damu ikitoka, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi. Tatu, akitapika, mgeuzeni kwa pamoja kama gogo, kichwa, shingo na mgongo vikienda sawia. Nne, usimpe maji, maziwa wala chai, maana huenda akahitaji upasuaji.

Muhimu zaidi, asipakiwe kwenye boda boda katikati ya watu wawili kama mshikaki. Wapo ambao wangetembea tena lau si safari hiyo. Itisha ambulansi. Ikikosekana, tafuteni ubao mpana au mlango, mmlaze na kumfunga kwa leso, kisha mtumie pikapu iendayo polepole.

Hata akiinuka mwenyewe na kusema hana neno, apelekwe hospitalini. Kichwa kikizidi kuuma, akisinzia ovyo, akitapika tena na tena, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, miguu ikifa ganzi, au tumbo likiuma na kuwa gumu, hiyo ni dharura. Bandama linaweza kuvuja damu kimyakimya kwa saa nyingi huku mgonjwa akitaniana na wageni.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndugu msomaji. Leo ukiwa kwenye matatu na makanga ananing'inia mlangoni, usimpigie makofi. Mwambie aingie ndani. Akikucheka, mwache acheke, mradi afike kwao jioni.