Santuri ya Pili na Deni la Kwanza

Santuri ya kwanza ikisifiwa, ya pili huzaliwa na deni. Mwaka 2020 Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi walitoa "Duma" kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala: metali ya mayowe na mitambo, watu wawili tu. (Kwetu duma ni mnyama, kwa Kikuyu jina hilo ni giza.) Ikavuma hadi Ulaya.

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa yake peke yake, "The Adept", akimuenzi Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau wa ukoo wake. Koo halijachoka, languruma na kupasua. Ila wageni aliowaalika ni wengi mno. Ni harusi ambayo bwana harusi haonekani. Tungetaka wapungue, tusikie vyema yule bibi analiliwa vipi.