Filamu ya "2000 Mules" na Kura za Nyumba Moja

"2000 Mules" ni filamu iliyotoka Marekani Mei 2022, ikidai kwamba uchaguzi wa rais wa 2020 uliibwa. Mtengenezaji wake ni Dinesh D'Souza, mwandishi mzaliwa wa Mumbai, India, aliyekiri mahakamani mwaka 2014 kuvunja sheria ya michango ya kampeni, kisha akasamehewa na Rais Donald Trump mwaka 2018. Data zilitoka kwa True the Vote, kikundi cha Texas kinachojitangaza kuwa mlinzi wa kura. Usambazaji ulifanywa na Salem Media Group, kampuni ya redio, na wakati huo pia ya vitabu, inayosikilizwa sana na Wakristo wahafidhina.

Hoja ya filamu ni kwamba watu wapatao 2,000 walilipwa kukusanya kura za posta kutoka asasi zisizo za kiserikali na kuzitumbukiza usiku kwenye masanduku ya nje. Masanduku hayo yaliwekwa kwa wingi mwaka huo ili watu wasisongamane vituoni wakati wa korona. Majimbo yaliyotajwa ni Arizona, Georgia, Michigan, Pennsylvania na Wisconsin. True the Vote ilisema ilinunua kumbukumbu za mahali simu za mkononi zilipopita, kama zile zinazouzwa kwa watangazaji wa biashara. Mwenye simu iliyokaribia masanduku 10 au zaidi, na ofisi za asasi mara 5 au zaidi, alihesabiwa kuwa mbebaji wa kura za wizi.

Kigezo hicho kinavuja. Kumbukumbu ya simu haisemi kama mtu alisimama mbele ya sanduku au alipita barabarani mita kadhaa kando yake. Masanduku yaliwekwa kwenye maktaba na majengo ya serikali, mahali ambapo watu hupita kutwa. Dereva wa teksi, mpeleka vifurushi, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani: kazi hizi wanazifanya wahamiaji wengi, wakiwemo waongeao Kiswahili, na siku moja ya kazi yaweza kumpitisha mtu mbele ya masanduku kumi bila hata kuyatazama. William Barr, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Trump mwenyewe, aliulizwa juu ya filamu hiyo na kamati ya Bunge iliyochunguza uvamizi wa jengo la Bunge la Marekani wa Januari 6, 2021. Alicheka. Alieleza kwamba katika jiji kama Atlanta, ukifuatilia simu milioni mbili, lazima utakuta mamia zilizopita karibu na masanduku. Idara ya upelelezi ya Georgia ilikuwa imeletewa data hizo tangu 2021, ikajibu kwamba hazitoshi kufungulia uchunguzi wa jinai.

Kuna jambo la msingi zaidi ambalo filamu inalipita haraka. Kura ya posta haiingii sandukuni kama karatasi tupu. Inakaa ndani ya bahasha yenye jina na sahihi ya mpiga kura, na maofisa huilinganisha na daftari kabla ya kuihesabu. Hata kama mtu mwingine ameibeba, bado ni kura ya mwenye jina hilo. Kosa la kubeba kura isivyoruhusiwa lipo katika sheria, lakini ni kosa tofauti kabisa na kughushi kura. Georgia, ambako Joe Biden alishinda kwa kura 11,779, ilihesabu kura za urais mara tatu, mara moja kwa mkono. Mshindi hakubadilika.

Kilichowavuta watazamaji ni video za kamera za ulinzi. Mtu anashuka garini usiku, anatumbukiza bahasha, anaondoka. Hakuna hata sehemu moja inayoonyesha mtu yuleyule kwenye masanduku mawili, ingawa hilo ndilo dai lenyewe. Mfano unaouma ni wa mkazi mmoja wa Kaunti ya Gwinnett, Georgia. Anaonekana akiweka bahasha tano huku sauti ya D'Souza ikisema kwamba huo ni uhalifu. Wachunguzi wa jimbo walikuta kura hizo zilikuwa zake, za mkewe na za watoto wao watatu watu wazima, wote wa nyumba moja. Sheria ya Georgia inaruhusu hivyo waziwazi, na orodha yake ya jamaa ni ndefu: baba, mama, bibi, babu, mjomba, shangazi, mpwa, mjukuu, wakwe na mashemeji, pamoja na yeyote anayekaa nyumba moja na mpiga kura. Filamu ilificha uso wa mkazi huyo, lakini katika matangazo ya kuinadi ulionyeshwa wazi.

Mtu huyo aliwafungulia kesi waliotengeneza na kusambaza filamu Oktoba 2022. Mei 2024 Salem ilimwomba radhi hadharani, ikasitisha kusambaza filamu na kitabu kilichotokana nayo. Mapema mwaka huohuo True the Vote ilikuwa imeiambia mahakama ya Georgia kwamba haina majina wala nyaraka za kuthibitisha madai iliyoyafikisha kwenye bodi ya uchaguzi ya jimbo. Mwisho wa 2024 D'Souza naye aliomba radhi: aliambiwa, alisema, kwamba video zililingana na data za simu, kumbe hazikulingana. Lawama aliisukumia True the Vote, na dai kuu la filamu hakuliacha. Radhi hiyo ilichelewa miaka miwili na nusu, baada ya uchaguzi mwingine wa rais kupita.

Sheria za kubeba kura hazifanani. Pennsylvania, kwa mfano, humtaka kila mtu arudishe kura yake mwenyewe, isipokuwa mwenye ulemavu aliyemwandikia mtu idhini. Kwa hiyo, mhamiaji aliyepata uraia na anayetaka kuwapelekea kura wazazi au wakwe, asome kwanza masharti ya jimbo lake katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti, na ahakikishe kila bahasha imetiwa sahihi na mpiga kura mwenyewe. Akishatimiza hayo, asiogope kamera.