Gari lisilo na paa, na sisi tuliolicheka



Leo hatuandiki juu ya posho wala faili za kwenda nchi ya tatu. Tunaandika juu ya gari. Ni Suzuki ndogo, SJ410 ya miaka ya themanini, fupi kama sanduku, isiyo na paa la chuma. Ilitoka kiwandani hivyo hivyo, na paa la turubai la kufunua na kufunika. Mwenyewe ni dada mmoja wa kundi letu ambaye wote tunamwita Fundi. Waliokuwa wa kwanza kumcheka yeye na mume wake ni sisi, kwa hiyo tuanze na hilo kosa.

Fundi alikulia kwenye gereji ya baba yake, Bukavu. Alijua kufungua injini kabla hajajua kusonga ugali, na ugali wake mpaka leo tunauvumilia tu. Mume wake, shemeji yetu, ni fundi cherehani. Mwaka 2022 walikuwa wanapanga Kawale, Lilongwe, shemeji anashona sare za shule barazani. Jirani yao, mwalimu mstaafu Mmalawi tunayemwita Agogo, alikuwa na hilo gari chini ya mwembe, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Agogo alitaka liondoke tu. Bei ilikuwa chini ya bei ya cherehani mpya, na Fundi akalipa kwa awamu tatu.

Shemeji hakupenda. Alimwambia mbele yetu: "Mama watoto, tunadaiwa kodi ya nyumba. Gari lisilotembea la nini?" Fundi akamjibu: "Lingekuwa linatembea ningelipata wapi?"

Sisi tukacheka. Eti mkimbizi na gari la kufunua paa, apigwe upepo akienda wapi? Tukasema maneno mengi siku ile ambayo leo hatuwezi kuyaandika hapa.

Halafu ukaja mwaka 2023. Mwezi wa tatu serikali ilitoa amri kwamba wakimbizi wote waliokuwa wanaishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na mwezi wa tano polisi wakaanza kukusanya watu Lilongwe. Wengi wenu mlikuwepo, hatuhitaji kuwasimulia maduka yaliyofungwa na watoto waliotolewa shule katikati ya muhula. Kambi iliyofunguliwa 1994 kwa watu elfu kumi au kumi na mbili hivi, leo ina zaidi ya elfu hamsini, ikapokea na hao. Watu walishuka na magodoro na masufuria. Fundi alishuka na watoto, na ndoo moja. Ndani ya ndoo kulikuwa na kabureta, masta silinda ya breki na plagi nne, vyote vimefungwa kwenye kitenge. Gari lenyewe lilibaki kwa Agogo.

Tokea hapo gari liko Lilongwe lakini linatengenezwa Dzaleka. Katikati kuna zaidi ya kilomita arobaini, Lumbadzi, vizuizi vya barabarani, na karatasi ya ruhusa.

Mnaopita karibu na bomba la maji mmeiona ile meza. Kabureta ilikuwa imeziba, kwa sababu petroli ikikaa miaka inaacha gundi ya rangi ya asali ndani ya vitundu vidogo vinavyopitisha mafuta. Mtu asiyejua huchukua waya akatoboa. Fundi hakubali waya hata kidogo, kwa sababu waya unapanua kitundu, na kikipanuka injini itakunywa petroli kama ng'ombe milele. Yeye anatumia unyasi wa ufagio na pampu ya baiskeli. Mabinti watatu wa jirani walikuja kuangalia kwa sababu hawana la kufanya. Leo hao watatu wanaweza kuifungua kabureta, kupima boya lake na kuifunga tena, na hakuna aliyewapa cheti wala soda.

Paa ni habari nyingine. Shemeji alikuwa ameapa kwamba hatagusa lile gari. Ila siku moja alimkuta mke wake anashona turubai kwa sindano ya magunia, mishono imepinda kama njia ya mbuzi. Fundi cherehani gani atavumilia hiyo? Akamwambia, "Toka hapo," na akavuta kiti.

Turubai sisi tunalijua. Wengi wetu usiku wa kwanza Malawi tulilala chini yake. Shemeji anasema lile la plastiki halifai kwa gari, jua linalipasua. Yeye alitaka la pamba nzito, akapata kipande cha turubai la lori lililotumika. Pamba ikilowa inavimba, na matundu ya sindano yanajiziba yenyewe. Alikata mfano kwa mifuko ya saruji aliyoibandika pamoja, akaweka sindano namba 18 kwenye cherehani ile nyeusi ya kukanyaga, akakunja kila mshono mara mbili, kisha akapaka mshumaa juu ya uzi. Sindano ilimwingia kidoleni mara mbili. Mnajua zamani hapa palikuwa gereza, na jina Dzaleka linaelezwa kuwa ni kusema "sitarudia tena." Basi kila sindano ilipomchoma alipiga kelele jina la kambi, na kesho yake anarudia tena.

Sasa tuseme tulichotaka kusema.

Hapa kambini neno "mradi" limechukuliwa. Mradi una kibao cha chuma barabarani, una orodha ya walengwa, una picha za watu wameshika vyeti, na unaisha mwezi wa kumi na mbili. Hatusemi miradi hiyo ni mibaya, wengine wetu tumejifunza kompyuta humo. Ila wawili hawa wana mradi ambao hauna kibao, na kwa sababu hauna kibao hakuna anayeuona. Alikuja kijana mmoja na fomu ya utafiti, akamuuliza Fundi shughuli yake ya kipato. Mikono ya Fundi imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Akamwambia, natengeneza gari. Kijana akatafuta kisanduku cha kuweka alama, hakipo. Palikuwa na kushona, sabuni, kufuga kuku, kuuza mboga. Akaweka alama kwenye "hana kazi". Hatumlaumu, fomu alipewa hivyo. Lakini nyinyi mnaoandika fomu, tafadhali acheni mstari mmoja mtupu, na muulize swali hili: ni kitu gani ambacho tayari unakijenga kwa pesa yako mwenyewe? Mtashangaa.

Na kuna upande wa sheria. Malawi iliingia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa. Kimojawapo ni cha 13, kinachohusu mali, pamoja na mali inayohamishika kama gari. Kingine ni cha 17, cha kazi ya mshahara. Kingine ni cha 26, cha kutembea na kuchagua mahali pa kukaa. Ukiviweka pamoja utaona kwa nini karatasi za lile gari bado zina jina la Agogo, na kwa nini Fundi, kila akitaka kuligusa gari alilolilipia, anaomba ruhusa kwanza. Mara moja aliomba akapewa siku moja. Siku moja inatosha kuvua magurudumu. Kuyarudisha haitoshi. Gari likakaa juu ya matofali miezi miwili, na Agogo akawa anawafukuza watoto wasije wakaliangusha.

Tunajua serikali ina sababu zake, na tunajua Wamalawi nao wamepanga foleni za mafuta na wamelia na bei kama sisi. Lakini mtu anayeomba siku tatu za kufunga breki hajaleta hatari kwa nchi yoyote.

Mwenzetu mmoja kundini bado anapinga, na aliomba tuandike hoja yake, basi hii hapa. Anasema watoto hawali turubai. Novemba 2023 kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, vipuri vikapanda, na shemeji akauza cherehani yake ya pili ili kununua vifaa vya breki. Mwezi mzima mke na mume hawakusemeshana ila kupitia watoto: mwambie baba yako, mwambie mama yako. Hayo ni kweli, tuliyaona. Hatutasema ulikuwa mwezi mzuri. Na hatumshauri mtu mwenye njaa anunue gari bovu.

Lakini mwenzetu ahesabu na upande wa pili. Gereji mbili za Biwi sasa zinamtumia Fundi kabureta kwa minibasi, zimefungwa kwenye mfuko, na malipo yanakuja kwa simu. Shemeji ameshonea madereva wawili vifuniko vya viti. Na hata kama isingeingia tambala moja, bado tungesema wameshinda. Zamani ukienda kwao jioni, mazungumzo yalikuwa faili tu: faili limefika wapi, nani kaitwa, nani kakataliwa. Sasa wanagombana juu ya mshono wa kushoto. Faili bado lipo. Wakiitwa kesho wataondoka, na walishakubaliana kwamba gari litarudi kwa Agogo. Fundi anasema litarudi likiwa zima.

Kidogo tu kwa vijana wawili waliotuuliza kama wanaweza kukata paa la Corolla lipate kufanana na hili: msithubutu. Hii Suzuki bodi yake imekaa juu ya chasisi ya chuma inayojitegemea, paa halishikilii kitu. Corolla haina chasisi ya namna hiyo, paa lake ni sehemu ya mifupa. Ukilikata, gari linalegea katikati, milango inakataa kufunga, na ajali ndogo inakuwa kubwa.

Mwezi uliopita walipata ruhusa ya siku mbili. Sisi wawili tulikwenda nao. Injini ilikataa mara tatu. Mara ya nne ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kuku wa Agogo wakaruka ukuta, kisha ikatulia ikanguruma. Fundi aliliendesha kutoka mwembeni hadi getini, na kinyumenyume kutoka getini hadi mwembeni. Hatua kama thelathini. Barabarani hapana: halina COF, halina bima, na breki za nyuma bado zinashika upande mmoja. Shemeji alikaa pembeni yake, paa limekunjwa mapajani, kwa sababu upande wa kushoto umepungua vidole viwili na itabidi aongeze kipande. Hakuna aliyesema kitu mpaka injini ilipozimwa. Halafu Agogo akauliza kama kiti cha nyuma kinaweza kurudishiwa kuku.

Kinachotafutwa sasa ni plastiki nzito inayoonyesha, ya dirisha la nyuma, mita moja na nusu, ile isiyogeuka njano haraka, na vifungo vya chuma vya kubana turubai, kumi na vitatu. Mwenye kujua vinapouzwa Lilongwe au Blantyre atuambie. Na mwenye binti anayetaka kujifunza kabureta amlete Jumamosi, baada ya foleni ya maji. Aje na ufagio wake.