Mbolea ya Ruzuku ni ya Nani?

Mwaka 2023 serikali yetu ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Hiyo ni afueni kubwa. Lakini ujumbe wa kuichukulia hupelekwa kwenye simu ya aliyeandikishwa kuwa mkulima. Na mara nyingi huyo ni mume, ilhali anayeshika jembe ni mke.

Enyi waume, ujumbe huo ni amana. Kuiuza mbolea hiyo kwa siri ni kumdhulumu aliyetoa jasho. Nanyi mama zetu mnaolima, chukueni vitambulisho, mwende kwa chifu, mkajiandikishe kwa majina yenu wenyewe.