Gurudumu Likigonga Ukingo wa Barabara

Madereva wengi wa Bujumbura huendesha magari ya Toyota yaliyokwisha kutumika, yaliyoletwa kutoka Japani usukani ukiwa upande wa kulia, ilhali nchini Burundi magari hupita upande huo huo wa kulia. Dereva wa gari la namna hiyo huuona vizuri ukingo wa mawe ulio ubavuni pake, lakini anapotaka kulipita lori haoni kinachomjia mbele. Hujitokeza, hushtuka, hurudi kwa ghafula. Na gurudumu la mbele la kulia hulipiga jiwe. Mara nyingi gari huendelea kwenda kama kwamba halikupatwa na jambo. Dereva hushuka, hutazama kama rangi imechubuka, humshukuru Mungu, kisha huenda zake.

Yafaa kwanza ajiulize gari liligonga namna gani. Iwapo lilikabili jiwe uso kwa uso, nguvu ya pigo huingia katika mpira na rimu, kisha hulisukuma gurudumu nyuma, na bushi za mkono wa chini huumia. Iwapo liliteleza kwa ubavu, kama itokeavyo wakati wa mvua, huenda mpira ukasalimika kabisa, na pigo likaishia katika tairodi, yaani ile fimbo inayoligeuza gurudumu, au katika mkono wenyewe. Kwa hiyo tairi lisilo na alama si ushahidi kwamba gari ni zima.

Hata hivyo uchunguzi huanza kwenye tairi. Jiwe linapolibana tairi juu ya rimu, nyuzi zilizomo katika ukuta wake hukatika, ingawa ngozi ya nje haikupasuka. Hewa hupata njia mahali hapo, na uvimbe kama wa yai hutokea, pengine siku hiyo hiyo, pengine baada ya siku kadhaa. Uvimbe huo hauna tiba. Kiraka hakiungi nyuzi zilizokatika, na fundi anayeahidi kuutengeneza asisikilizwe. Ukuta wa ndani nao utazamwe, ule usioonekana mpaka gurudumu litolewe. Atokaye Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, huteremka kilomita zipatazo 35 za kona hadi kandokando ya Ziwa Tanganyika, na katika kila kona ya kushoto uzito wa gari, wa abiria na wa magunia ya viazi hulala juu ya gurudumu la kulia. Si mahali pa kupasukiwa na tairi.

Rimu ya chuma hujikunja. Ya aluminiamu yaweza kupata ufa. Maji ya sabuni yakipakwa pembezoni, mapovu huonyesha hewa inapovuja. Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vitegemeo imara, kwa maana jeki peke yake haiaminiki. Kijiti kisimamishwe karibu na mdomo wa rimu, na gurudumu lizungushwe polepole. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikipanuka na kupungua, rimu imepinda, au kitovu cha gurudumu chenyewe. Dereva wa gari hilo huhisi usukani ukitetemeka akifika mwendo fulani, aghalabu kilomita 80 kwa saa au zaidi, kisha mtetemo hupungua akiupita mwendo huo.

Gari likiwa bado juu, gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likilegea, kosa li katika beringi au bolijointi, kile kiungo cha kitufe kinachocheza ndani ya kikombe chake. Lishikwe tena kushoto na kulia. Ulegevu hapo huelekea zaidi kwenye tairodi. Beringi iliyoumia hunguruma barabarani, na ya kulia hunguruma zaidi gari likikata kushoto. Shokomzoba linalotoka mafuta huonekana kwa macho.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote hakigharimu kitu, nacho ni uzi. Gari liwekwe mahali tambarare, usukani umenyooka, na urefu upimwe toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Tofauti ya milimita chache yaweza kuwamo tangu kiwandani. Upande uliogonga ukiwa mfupi kwa sentimita moja au zaidi, mkono wa chini au shikizo lake limesogea. Asimame pia mbele ya gari atazame: gurudumu lililoinamia ndani kwa juu, ilhali mwenzake limesimama, huonyesha kwamba nguzo ya shokomzoba au mkono umepinda.

Mahali penye udanganyifu mkubwa ni usukani uliokaa upande gari linapokwenda moja kwa moja. Katika Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, wako walio hodari sana, lakini hakuna gereji isiyo na fundi wa haraka. Huyo hulegeza nati za tairodi, huizungusha mpaka usukani unyooke, hupokea malipo. Kilichopinda bado kimepinda. Kimefichwa tu, na tairi jipya litalika upande mmoja kwa muda mfupi. Kunyoosha magurudumu kwa vipimo ni kazi ya mwisho, baada ya kilichopinda kutolewa. Wala mkono au tairodi isinyooshwe kwa moto na nyundo, kwa kuwa chuma hicho hudhoofika na huweza kubaki na ufa usioonekana, na siku kinapokatika gurudumu halimtii dereva tena. Asiye na fedha za kifaa kipya ni heri anunue kilichotumika ambacho hakijapinda.

Gari likivuta upande mmoja tu bila dalili nyingine, magurudumu mawili ya mbele yabadilishane nafasi, mradi matairi yenyewe hayakuwekewa alama ya upande wa kuzunguka. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi. Ukibaki ulipo, ni la chini ya gari. Na baada ya kilomita 50 hivi, nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe tena kwa spana.